Yona Amekubali Kukaa Kwenye Kiti Chako

Yona amekubali. Siwema mwanangu, kaka yako amekubali umpime jicho. Amesema mwenyewe kwa mdomo wake, jana saa tano asubuhi, kule Sekenke kazini kwake, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na mimi nimesimama mbele yake na viatu vyangu vya kanisani. Sikumlazimisha. Sikumlilia. Basi, nililia kidogo, lakini alikuwa ameshakubali.

Sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo mwanangu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Nakuandikia mchana, wewe na baba yako mmekwenda Kiomboi kuaga, na nyumba nzima niko peke yangu na kuku. Barua naisunda kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Najua kesho ukishafika Dodoma utaingia kwenye ile treni ya umeme, utatafuta kiti cha dirishani, utafungua begi kutafuta karanga. Hapo ndipo utaikuta. Usome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Habari za kula na kuvaa sikuandikii. Mlenda uko kwenye begi, asali iko kwenye begi, na mwanamke aliyesoma miaka yote hiyo hawezi kufundishwa na mimi namna ya kufunga vifungo vya sweta.

Acha nijisifu kwanza, maana nikishaanza yale mengine sitapata nafasi. Mwanangu ni daktari wa macho. Tena si wa macho tu, wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Anakwenda India miaka miwili kutafiti dawa za vidonda vya konea, vile vinavyowapata wakulima wakichomwa na makapi ya mazao. Maneno hayo nimeyasema kwa mpangilio huohuo kanisani, dukani, kwa mtendaji wa kijiji, na kwa kijana wa bodaboda aliyenipeleka Sekenke, ambaye hakuniuliza kitu. Nilipofika kwenye vidonda vya konea akasema, "Mama, shika vizuri, hapa mbele kuna mashimo." Nikashika, nikaendelea. Ukiwepo huwa unanikatiza: "Mama, tuko wengi tunaotafuta hiyo dawa, si mimi peke yangu." Wengi hao nawaombea heri, lakini mimi nimemzaa mmoja.

Siku hizi nimewaambia watu waniite Mama Daktari. Wengi wamekubali. Jirani yetu Mama Neema ndiye anayejifanya kusahau. Wiki iliyopita tulikuwa kisimani, akaniita makusudi watu wasikie.

"Mama Yona. Huyo daktari wako anakwenda kutibu macho ya Wahindi. Ya kwetu anamwachia nani?"

"Anakwenda kujifunza. Anarudi."

"Huwa wanarudi wale?"

"Wa kwako alikwenda Singida mjini kununua sabuni, huu mwezi wa tatu hajarudi. Usimlinganishe na wa kwangu."

Tukacheka wote, hata yeye. Lakini swali lake lilinikaa kifuani. Utaona mwishoni nimelijibu namna gani, na utanikasirikia, ila utakuwa mbali.

Sasa twende kwenye lenyewe.

Jumapili, baada ya chakula, baba yako alikuomba usome ile karatasi uliyowaandikia watu wa India, ile iliyokupatia nafasi. Ulikuwa umeiandika kwa Kiingereza, ukatugeuzia kwa Kiswahili sentensi moja moja, umesimama mlangoni. Ukasoma: "Nilipokuwa na miaka tisa, kaka yangu aliingiwa na kapi la alizeti kwenye jicho. Bibi yetu akampaka dawa ya majani. Kabla ya wiki mbili kwisha, konea yake ilikuwa nyeupe. Tangu siku ile nilitaka kujua kwa nini." Watu waliokuja kula nasi wakapiga makofi. Baba yako akafuta machozi kwa kofia. Mimi nikapiga makofi kuliko wote mpaka viganja vikauma.

Yona hakupiga. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na miwani yake myeusi, akageuza uso akanitazama mimi. Kisha akanyanyuka akasema anawahi kazini, nawe ukalalamika kwamba kila ukizungumza habari za macho kaka yako anatafuta njia ya kutokea.

Siwema, bibi yako hakumpaka Yona majani. Bibi yako alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe, akamwosha jicho kwa kitambaa safi. Basi. Yale majani niliyatunga mimi.

Unaikumbuka fulana yangu ya njano? Mwaka ule nilikuwa mgawa dawa wa kitongoji. Watu wa wilayani walileta vidonge vya trakoma, ule ugonjwa wa kope, wakataka mtu anayejua kusoma na kuandika, wakanichagua mimi, darasa la saba, mwandiko umenyooka. Nikapewa fulana na fimbo ndefu yenye alama. Mtoto anasimama kwenye fimbo, unatazama urefu wake umefika alama ipi, ndiyo unajua umpe vidonge vingapi. Ile fimbo nilitembea nayo hata siku zisizo za kazi. Nilikwenda nayo gulioni. Watu wakaanza kuniita daktari, nami nikaitika. Mtu akiwashwa na jicho, anakuja kwangu. Mtoto akiingiwa na kapi, analetwa kwangu, namlaza mapajani nalitoa kwa ncha ya ulimi. Ulimi wangu ulikuwa na sifa mpaka vijiji vya jirani. Sikatai, nilikuwa hodari.

Siku hiyo tulikuwa tunapiga alizeti uani. Yona alikuwa na miaka kumi na tatu, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo kama mtu mwenye ugomvi navyo, makapi yanaruka. Akaacha ghafla. "Mama, limeingia." Nikamlaza, nikalitoa, nikamwonyesha kwenye ukucha wangu. "Hilo hapo. Nenda kapige alizeti."

Siku ya pili jicho likawa jekundu. Siku ya tatu linatoa machozi na hataki mwanga, anakaa ndani amejifunika shuka. Bibi yako akamwosha kwa yale maji ya chumvi, kisha akaniambia taratibu, kwa Kinyiramba kama alivyozoea: huyu mtoto mpelekeni hospitali. Nikamjibu kwamba hospitali ni mimi.

Nilimjibu hivyo mama mkwe wangu, ndani ya nyumba ya mwanawe. Naandika ili uone mwenyewe.

Kwenye kopo langu la sindano, lile la maziwa lenye picha ya ng'ombe, kulikuwa na kichupa cha dawa ya matone. Mwaka mmoja nyuma yake macho yangu yalikuwa yananiwasha, nikaenda kupimwa Singida mjini, nikapewa kile kichupa na maelezo: tumia siku saba, kitakachobaki utupe. Sasa mimi, mtu wa fulana ya njano, nitatupaje dawa ya hospitali? Nikaisunda. Nikamtia Yona, asubuhi na jioni. Na wekundu ukapungua. Hilo ndilo lililonipoteza, mwanangu, kwamba wekundu ulipungua. Nilimwita bibi yako aje atazame. "Unaona?" nikamwambia. Akatazama kwa karibu, akasema mtoto bado anaumia. Nikamwambia dawa za kizungu huuma kidogo.

Siku ya nne ya dawa yangu niliona nukta nyeupe kwenye mboni ya jicho, ndogo kama punje ya ulezi. Kesho yake ilikuwa kama punje ya mtama. Ndipo tukapanda basi kwenda hospitali.

Miaka yote hiyo sikujua kwa hakika nilichofanya. Nilikuwa nashuku tu. Aliyenipa hakika ni wewe. Ulikuja likizo mwaka juzi, tukawa tunakula, ukawa unamsimulia baba yako habari za kazini. Ukasema ziko dawa za matone zinazotoa wekundu na muwasho, nzuri kwa ugonjwa wake, lakini ukizitia kwenye kidonda chenye fangasi wa mashambani zinautuliza mwili usipigane, na fangasi anakula konea kwa raha zake. Ulisema hivyo, "kwa raha zake," huku unamega ugali. Mimi nikanyanyuka nikasema naenda kutazama kuku. Kuku walikuwa wazima. Nilisimama nao bandani mpaka mkaniita.

Turudi hospitali. Daktari alikuwa kijana, mpole. Akamfunua Yona jicho, akauliza, "Mmeweka nini humu?" Nyuma yangu kwenye benchi walikuwa wanawake wawili wa kitongoji chetu, watoto wao nimewapima mimi kwa fimbo yangu. Nilisikia wamenyamaza ili wasikie. Kichupa kilikuwa kwenye mkoba, nimekishika kwa nje ya mkoba hivi. Nikasema, "Bibi yake alimpaka majani." Daktari akaandika. Kalamu yake naisikia hadi leo.

Habari zilitangulia kufika nyumbani kabla yetu. Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, nimepanga na majibu. Akaniuliza kama mtoto amekula.

Hakuna siku aliyonikanusha. Aliishi miaka sita baada ya pale. Unajua alikuwa ndiye anayewaogesha watoto wachanga wa kitongoji kizima, na wewe alikuogesha yeye. Baada ya habari ya majani, mmoja mmoja wakaacha kumletea. Alikuwa anakaa asubuhi na beseni lake safi, jua linapanda, hakuna anayekuja. Kisha akawa analitumia beseni kwa kuloweka mbegu. Mimi nilipita mbele yake kila siku na fulana yangu.

Na Yona. Nilikuwa nikishangaa yule mtoto. Badala ya kumchukia bibi yake, ndiye aliyemchotea maji, ndiye aliyempikia uji alipougua, ndiye aliyechimba kaburi lake mpaka mikono ikatoka malengelenge. Unajua nilifanya nini? Nilisimama kanisani nikamsifu. Nikasema mwanangu ana moyo wa kusamehe. Watu wakasema amina.

Wewe ndiye uliyebadilika ukawa mtu mwingine. Uliandika herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, kubwa mpaka ndogo, ukawa unasimamisha kila anayepita. "Baba, funika jicho la kulia. Soma." Ulimpima mpaka mchungaji. Yona ulikuwa unamfunika lile jicho zima kwa kiganja chako, unamwonyesha vidole, anasema haoni, na kesho yake unampima tena kama vile amekuwa mvivu tu jana. Nami nikakuchapa kwa kuchafua ukuta. Nisamehe na hilo pia. Siku niliyokuja kukuona kazini kwako nikakuta zile herufi zimetundikwa ukutani, zina taa nyuma yake, nikamwambia mwanamke aliyekaa karibu yangu kwamba hizo zilianzia jikoni kwangu. Akasogeza mkoba wake.

Siku hiyohiyo nilikaa kwenye benchi la mlangoni kwako tangu asubuhi. Akaingia mzee mmoja mkulima, jicho limevimba. Mlango haukufungwa vizuri. Nikasikia unamuuliza, "Babu, kabla hujaja hapa uliweka nini kwenye jicho?" Akasema, "Sikuweka kitu, daktari." Ukamuuliza tena kwa maneno mengine. Hakuweka kitu. Ukamuuliza mara ya tatu, kwa upole, mpaka nikaona haya mimi niliyekaa nje. Ulipotoka kunywa chai uliniambia, "Mama, wote wanaficha. Natafiti dawa, nakwangua kidonda, natazama kwenye hadubini, lakini hadithi wananipa ya uongo." Nikakusukumia chapati, nikasema kula, itapoa.

Kwa hiyo Jumapili uliposoma ile karatasi, nikaona uongo wangu umetoka nyumbani, umepata hati ya kusafiria, unapanda ndege kwenda India kwa jina la bibi yako. Kwenye utafiti wako wewe. Nikaona hapana.

Juzi nilimwambia baba yako, maana yule alikuwa mama yake. Alikuwa anatengeneza mzinga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka nyundo chini, akaenda kaburini kwa mama yake akang'oa magugu mpaka jioni. Hajaniambia neno la maana tangu siku hiyo. Kama ulimwona kimya njiani kwenda Kiomboi, ndilo hilo, si kwamba anaumwa. Asubuhi hii amekunywa chai niliyoipika. Hiyo ndiyo habari niliyo nayo upande wa baba yako, na nimeipokea.

Jana ndiyo nikaenda Sekenke. Nilimkuta kaka yako kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Ile miwani mikubwa ya kazi uliyomnunulia imening'inia kwenye msumari, haijaguswa. Mtu mwenye jicho moja, Siwema, vipande vya mawe vinaruka kama makapi, na miwani iko msumarini.

"Mama, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Zima hiyo mashine."

"Haizimwi kwa maongezi."

"Zima, Yona."

Akazima. Wenzake wakasogea, mmoja akasema, "Shikamoo, Mama Daktari." Nikaitikia, na kwa mara ya kwanza jina hilo halikunifurahisha.

Nikaanza tangu kwenye kopo la sindano. Nilipofika kwenye kichupa akanikatiza.

"Cheupe. Kifuniko rangi ya waridi."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mama, nilikuwa na miaka kumi na tatu, si mtoto wa mgongoni. Wewe unatia, mimi nang'ata mkono. Bibi ananiosha na maji yake, napata nafuu. Ningekosaje kujua?"

"Na hukusema."

"Ungenichapa na ile fimbo ya vidonge." Akacheka, kisha akaacha. "Halafu nikaona umekonda. Huli. Nikasema basi, yaishe."

"Sasa kwa nini unamkatalia mdogo wako asikupime? Miaka yote hii anakubembeleza."

Akavua miwani yake myeusi akaanza kuifuta, na lile jicho jeupe likanitazama. "Wanauliza, Mama. Kitu cha kwanza wanachouliza, umeweka nini. Nikisema majani, namdanganya mdogo wangu na namsingizia marehemu. Nikisema kichupa, nimekuuza wewe. Nikaona heri nibaki na jicho langu."

Nilikaa chini, kwenye rundo la mawe, na gauni langu la kanisani. Nilidhani anaogopa mashine za kupimia macho. Kumbe miaka ishirini na zaidi alikuwa amesimama mlangoni kwangu kama mlinzi, na ujira wake ni kutotibiwa.

"Nikimwambia mimi mwenyewe, utakubali?"

"Umwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utatia chumvi, mwisho itaonekana wewe ndiye uliyeniokoa."

"Nitaandika."

"Na bibi umwandike vizuri."

"Nitamwandika vizuri."

"Basi atanipima." Akaitoa ile miwani ya kazi msumarini, akaipuliza vumbi, akaivaa, akawasha mashine. Nilirudi kwenye bodaboda naimba. Yule kijana akaniuliza kama nimepata dhahabu.

Sijui kama ataona, na sijamwahidi. Umeshatueleza kwamba kovu la zamani ni gumu, kwamba pengine itatakiwa konea ya mtu mwingine ipandikizwe, na kwamba hazipatikani kirahisi. Zangu uzihesabu. Siku nikifa chukua zote mbili, zimetunzwa vizuri. Nilimtajia baba yako habari hiyo kabla hajanyamaza, akasema tutazungumza.

Jambo moja tu nakupa la kazi yako, maana hili nalijua kuliko maprofesa wako. Mgonjwa wako akisema hakuweka kitu, mtazame aliyemleta. Mtazame mkono wake umeshika wapi. Kisha tafuta sababu ya kumtoa nje peke yake, mwambie twende ukaandikishe jina, umpe kiti. Usimuulize kama aliweka kitu. Mwambie, "Mama yangu mimi aliweka, na mbele ya watu akasema si yeye." Kisha nyamaza kidogo. Tumia jina langu kokote duniani, mwanangu. Nimependa sifa maisha yangu yote, acha na hii isafiri.

Ile karatasi yako uirekebishe. Ufute majani, ufute bibi. Andika: mama yangu, mgawa dawa, alitumia dawa iliyobaki. Ukipenda taja na mwandiko wangu ulionyooka. Kichupa chenyewe nimekiviringisha kwenye kipande cha khanga, kimo humo begini, ndani ya soksi ya kijivu. Kimekauka, hakitamwagika. Herufi zimefutika upande mmoja, lakini jina la dawa nadhani wewe utalisoma. Kilikaa kwenye kopo la sindano miaka yote, na kila nilipotafuta uzi nilikigusa.

Sasa lile la kukukasirisha. Leo alfajiri nilikwenda kwa Mama Neema nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu ukimwambia yeye umeshakitangazia kijiji. Alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini.

"Neema wangu sikumpeleka kwa bibi akaogeshwe," akasema.

"Najua."

"Nilimpita pale mlangoni kwake na mtoto mgongoni. Akanisalimia, nikaitikia nikaenda zangu."

"Makosa si yako. Uliambiwa."

Akaiinua tena ndoo yake. Halafu akasema, "Na huyo Siwema akirudi, atapima wa kwenu tu? Mimi hili la kushoto linawasha tangu mavuno."

Basi nikamwambia ndiyo, aje. Nikamwambia na wengine waje. Nikapitia kwa mtendaji nikamwambia naye atangaze. Ulisema utapata likizo fupi mwezi wa sita, na mwezi wa sita alizeti zitakuwa zimekatwa lakini hatujaanza kuzipiga. Wakati mzuri wa kuwatazama watu macho na kuwaambia la kufanya kapi likiingia. Ulimi wangu nimeustaafisha, waambie na hilo. Najua utasema hukuulizwa, kwamba ni lazima uombe vifaa na vibali. Omba. Una miezi minane.

Benchi la kanisani nimeshaazimwa, tutaliweka uani, palepale tulipopigia alizeti. Beseni la bibi yako nimelisugua, litakuwa la wewe kunawia mikono. Yona atakaa wa kwanza, na mimi nitakaa ubavuni kwake, na ukiuliza tumeweka nini kwenye jicho nitajibu mimi, kwa sauti, Mama Neema na kitongoji kizima wakisikia. Watu nimewaambia kuanzia sasa waniite jina langu la zamani, Mama Yona. Nimewaambia waje wote, na baba yako nimemwachia nafasi kwenye benchi: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi.